Lita Moja na Robo ya Maziwa: Dawa ya Vimeng'enya na Vyote Nilivyojaribu Kabla Yake

Kilichomwagika kwenye gari langu ni maziwa. Nayataja mwanzoni kwa sababu aliyemwagikiwa na soda atasoma haya akaona natia chumvi. Soda hunata, kahawa huacha doa, maji hukauka yakaenda zake. Maziwa yanaoza, na yanaozea mahali usipopaona.

Dumu lilikuwa la lita mbili, nimelisimamisha kwenye kiti cha nyuma na kulikaza kwa begi. Kifuniko nilikifunga kwa haraka ya mtu aliyechelewa. Njiani pikipiki ikanikatia mbele, nikakanyaga breki, dumu likalala. Sikusikia kitu, redio ilikuwa inaongea. Nilipofika na kufungua mlango wa nyuma nikakuta dumu limebaki na robo tatu ya lita hivi, na juu ya kiti kidimbwi cha ukubwa wa sahani. Nikashukuru kwamba ni kidogo. Nikafuta kwa taulo, nikasugua kwa povu la sabuni ya vyombo, nikaacha vioo wazi nusu saa, biashara ikaisha.

Sasa piga hesabu ambayo mimi sikuipiga siku ile. Lita mbili, toa robo tatu iliyobaki: imemwagika lita moja na robo. Taulo langu, tukisema sana, lilinyonya vikombe viwili, yaani nusu lita. Robo tatu nyingine ilikwenda wapi? Ningejiuliza swali hilo jioni ile, leo nisingekuwa naandika.

Siku mbili za kwanza palikuwa kimya. Siku ya tatu nikafungua mlango asubuhi nikapokewa na shombo nyepesi, kama ya bakuli lililosahauliwa bila kuoshwa. Siku ya tano gari lilishinda juani limefungwa. Gari likikaa hivyo, joto la ndani huweza kulizidi la nje kwa nyuzi 20 ndani ya saa moja, kwa hiyo kiti changu kilikuwa kimegeuka chungu cha kuchachushia. Nilifungua mlango, nikaurudisha. Nikasimama nje na ufunguo mkononi kama mgeni aliyebisha nyumba siyo.

Jumamosi nilikwenda kumchukua mama mkwe. Ni mama mstaarabu, hatoi neno likamchoma mtu. Akaingia, akafunga mkanda, akashusha kioo. Mvua ilikuwa inanyesha. Tukaenda hivyo hivyo, bega lake moja linalowa, mimi natazama mbele kama sioni. Tulipofika akaniambia taratibu, "Baba, humu ndani kuna kitu kimekufa."

"Hapana mama, ni maziwa tu."

Akanitazama. "Basi yamekufa."

Tangu siku hiyo zimepita wiki saba, na nimejaribu karibu kila kinachouzwa. Naanza na vilivyonipotezea muda.

Pafyumu ya kuning'iniza kwenye kioo naipa sifuri. Nilinunua ya vanila. Pafyumu haiondoi kitu, inaleta harufu ya pili ikae na ya kwanza, na pua inazisikia zote mbili. Vanila juu ya maziwa yaliyooza inazaa kitu cha tatu ambacho mwanangu alikiita "keki iliyotapikwa", akagoma kupanda. Mficha maradhi kifo humuumbua. Niliitupa siku ya pili.

Kisha nikapeleka gari kwa jamaa wanaosafisha magari ndani. Sitawataja, si watu wabaya, ila hawakuniuliza swali hata moja, si kilichomwagika, si kiasi chake. Wakapiga vakyumu juu juu, wakapaka povu, wakafungia ndani mashine ya ozoni kwa dakika 40. Ozoni ni oksijeni yenye atomu tatu badala ya mbili, na ile ya tatu haitulii: inakivamia chochote inachokutana nacho ikakivunja, zikiwemo molekuli zinazonuka. Kwa gari ambalo moshi wa sigara umejipaka kwenye dari na dashibodi, naamini ni kazi nzuri. Lakini ni hewa, na inafika pale hewa inapofika. Ndani ya sponji iliyoshiba maziwa haifiki. Tena si hewa ya kuvutwa na mtu, maana inakereketa mapafu, na ukiirudia rudia inakausha raba za milango mpaka zinapasuka. Nilikabidhiwa gari linalonuka kama mashine ya fotokopi iliyokesha kazini. Maziwa hayakusikika kwa siku nne. Siku ya tano yakarejea, nadhani yalikuwa likizo. Malipo ya kazi ile yangeninunulia chupa tano za dawa nitakayoieleza.

Bekingi soda sitaidharau. Harufu ya maziwa yaliyooza kwa sehemu kubwa ni asidi. Bakteria wakila sukari ya maziwa hutoa asidi ya laktiki, na huo ni uchachu tu, unavumilika. Balaa liko kwenye mafuta. Mafuta ya maziwa yakivunjika hutoa asidi ya butiriki, ile ile inayoyapa matapishi harufu yake, na jina lake limetokana na neno la Kilatini la siagi. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa chembe. Bekingi soda ikikutana na asidi hiyo huigeuza chumvi, na chumvi hairuki hewani, kwa hiyo hainuki. Nilimwaga kopo zima juu ya kiti, nikalala, asubuhi nikavuta kwa vakyumu. Shombo ilipungua kama nusu. Kwa siku mbili. Unga mkavu unakaa juu, hauzami, na ule unaozama kidogo unaingia kwenye mishono na kukataa kutoka. Mpaka leo mwanangu akiketi pale huinuka na mstari mweupe nyuma ya suruali.

Siki inafaa shombo ya upande wa pili, ya samaki au mkojo uliokaa, ambako kinachonuka ni amonia na ndugu zake. Kwa maziwa unaongeza asidi juu ya asidi. Na wanaochanganya siki na bekingi soda ili wapate povu, povu wanalipata. Vikishakutana vimemalizana nguvu, kilichobaki kwenye kiti ni maji yenye chumvi kidogo.

Wiki ya tatu ndipo nilipong'oa kiti. Benchi la nyuma la magari mengi madogo, upande wa kukalia, halifungwi kwa bolti. Limeshikwa na vibanio viwili kwa mbele. Unaingiza vidole chini ya ukingo, karibu na kibanio, unavuta juu kwa ghafla, kinaachia kwa mlio unaokutisha kwamba umevunja kitu. Kisha cha pili. Ila tazama kwanza kabla hujatumia nguvu: chini ya kiti hicho magari mengi yana kifuniko cha pampu ya mafuta na nyaya zake, na ya haibridi, yanayotumia petroli pamoja na umeme, huenda yakawa na betri yenyewe. Viti vya mbele usivichokoe. Zile soketi za njano chini yake ni za mifuko ya hewa, mwachie fundi.

Nikakigeuza. Juu, pale nilipokuwa nasugua wiki tatu, kitambaa kilikuwa kisafi kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari. Chini, sponji ilikuwa imechorwa ramani. Duara la manjano lenye upana wa sinia, katikati limekauka na kupasuka kama tope la dimbwi lililokaukiwa, na pembezoni, ukibonyeza kwa kidole gumba, panateleza na kutema kitu cheupe kizito kama jibini. Kwenye bati palikuwa na utando, na kutoka hapo mfereji mwembamba ulikuwa umeshuka mpaka sakafuni ukaingia chini ya kapeti, kwenye lile blanketi nene la nyuzi linalotandikwa kuzuia kelele za barabara. Ile robo tatu ya lita nikawa nimeipata. Nilikuwa nimepiga magoti, pua iko shibiri moja kutoka kwenye sponji, na nikaelewa kwamba kila nilichonunua nilikuwa nakimwaga kwenye paa la nyumba inayoungulia jikoni.

Dawa sasa. Ni maji ya vimeng'enya, vile vinavyoukata uchafu vipande vidogo vidogo, yale yanayotengenezwa hasa kwa wanaofuga paka na mbwa ndani, na ndiko nilikoyapata, kwenye rafu ya wanyama, si ya magari. Sitaji chapa kwa sababu nimemaliza chupa mbili za watengenezaji wawili na tofauti niliyoiona ni ya harufu tu. Geuza chupa usome nyuma. Unatafuta proteasi, inayokata protini, na lipasi, inayokata mafuta. Ikitajwa amilasi peke yake, hiyo ni ya wanga, mwachie aliyemwagikiwa uji wa mtoto. Chupa nyingine hubeba bakteria hai ambao huvitengeneza vimeng'enya wenyewe wakishafika kwenye chakula. Hao ni wa taratibu zaidi, ila kwa uchafu wa siku nyingi wanafaa. Na kama ulichomwaga ni petroli, usiendelee kusoma hapa: fungua milango yote, usiwashe gari, na usisogeze vakyumu ya umeme karibu.

Naipa dawa hii nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa ajili ya maelekezo. "Puliza, subiri dakika 5, futa." Aliyeandika hivyo hajawahi kumwagikiwa. Kimeng'enya si sabuni. Sabuni inaubeba uchafu ikaondoka nao. Kimeng'enya kinaketi na uchafu kikiutafuna, na kinatafuna pakiwa na unyevu tu. Pakikauka, kazi imesimama. Mara ya kwanza nilitii maelekezo neno kwa neno, nikapuliza, nikasubiri, nikafuta, na moyoni nikaandika nyota moja.

Mara ya pili nikafuata hesabu. Sponji na kapeti zimekunywa robo tatu ya lita. Basi na dawa iingie si chini ya hapo, na iingie kwa njia ile ile maziwa yalivyoingia. Yaani kwa kumiminwa. Nikafungua kichwa cha kupulizia nikakiweka pembeni.

Kabla ya dawa nilisuuza kwanza. Mashine ya kufyonza maji niliiazima kwa jirani, kiti kikiwa nje ya gari. Nikamimina maji ya uvuguvugu, nikafyonza, nikamimina tena. Maji ya kwanza yalitoka mazito, ya kijivu, na jirani aliyekuwa amesimama kuangalia mashine yake alikumbuka ana kazi ndani. Usitumie maji ya moto. Yanaipika protini ikagandamana na nyuzi kama yai kwenye sufuria, na kimeng'enya chenyewe kikikutana na joto kali kinakufa. Mpaka mzunguko wa nne bado povu lilikuwa linatoka, ile sabuni ya vyombo ya siku ya kwanza. Ilibidi iishe, maana mabaki ya sabuni huidhoofisha dawa, na dawa za kuua vijidudu ndiyo mbaya kabisa: unamlipa mfanyakazi kisha unampa sumu mlangoni.

Ndipo nikamimina, kiti kikiwa kimelala kifudifudi, upande wa chini uko juu. Nikabonyeza kwa viganja na kuachia, kubonyeza na kuachia, sponji ikavuta. Nikaifunika kwa mfuko mkubwa wa taka isikauke. Nikaacha mpaka kesho yake.

Hapa nikuonye. Baada ya kupita muda wa saa 12 harufu ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Mke wangu alifunua mfuko kuchungulia, akaufunika, akaenda ndani bila kusema neno. Ni kawaida: vitu vikubwa vinakatwa kuwa vidogo, na vidogo ndivyo vinavyoruka hewani vikakufuata. Naamini wengi hukata tamaa hapo wakatangaza kwamba dawa imewaharibia gari. Siku ya pili ukali ukapungua. Nikafyonza, nikarudia kwa nusu ya kipimo, nikafunika usiku mwingine. Siku ya nne kiti kilinuka dawa tu.

Na hilo nalo ni lalamiko. Chupa ya kwanza wameitia manukato ya "upepo wa bahari", na bahari yao inanuka sabuni ya chooni. Ya pili haina manukato, chukua hiyo. Ya kwanza pia ilivuja shingoni kabla haijafika nusu, na haikuwa na tarehe ya kutengenezwa popote, wakati vimeng'enya hupungua nguvu vikikaa, hasa kwenye joto. Kwa hiyo usiiweke kwenye buti ukadhani unajiwekea akiba. Na viti vya ngozi usivimiminie hivi. Mimi vyangu ni vya kitambaa, na hata hivyo nilijaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana.

Kapeti ilinitesa kuliko kiti. Unafungua ile plastiki ndefu ya kizingiti cha mlango, unainua ukingo, unachomeka kipande cha ubao ili hewa ipite. Nilitumia nusu lita ya dawa hapo, na kuikausha kukachukua siku tano na feni. Usidanganywe na juu. Juu palikuwa pakavu siku ya kwanza, lakini nilipokunja karatasi ya chooni, nikaiweka chini ya blanketi lile na kukanyaga, ilitoka imelowa. Nikawa nafanya jaribio hilo kila jioni. Ukifunga pakiwa pabichi unatoka kwenye shombo ya maziwa unaingia kwenye uvundo wa kuvu, na huo una makazi ya kudumu kuliko maziwa.

Mifuko ya mkaa wa kunyonya harufu nilinunua baadaye, miwili, ikakaa chini ya viti vya mbele. Nyota tatu. Mkaa huo umetobolewa vitundu vidogo mno kiasi kwamba gramu moja ina eneo la ndani linalozidi mita za mraba 500, na harufu hunasa humo. Ni mzuri kwa masalia, siku kazi imekwisha. Ukiuweka kupambana na sponji inayooza unashiba upesi na wewe unadhani umetapeliwa. Naanika yangu juani mara moja kwa mwezi.

Kitu kimoja karibu kinipite: kiti na kapeti vikiwa safi kabisa, nikiwasha AC shombo inarudi. Nikaanza kujihukumu upya. Ilikuwa filta, ile iliyoko nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Wiki tatu nzima nilikuwa naendesha AC ikizungusha hewa ya ndani, ikaivuta shombo na kuihifadhi pale. Filta yenyewe ilikuwa na majani, vumbi, na bawa la mdudu. Nikabadilisha, dakika kumi, bila hata bisibisi. Kama yako haijabadilishwa tangu ununue gari, anzia hapo, hata kama hujamwaga kitu.

Mama mkwe alipanda tena Jumapili iliyopita. Kioo hakukishusha. Ila alikuwa na mafua, kwa hiyo siwezi kuhesabu.

Na bado sijamaliza. Gari likishinda juani, nikiketi nyuma na kuvuta mkanda wa katikati mpaka mwisho, ule mkono wa mwisho wa mkanda, unaokaa umejikunja ndani, una kijiharufu. Maziwa yalipita hapo pia, nami nilikuwa natazama kiti. Mkanda siutii vimeng'enya wala kemikali yoyote kali, maana ndio unaoshika roho ya mtu. Ni sabuni laini na maji, kisha unabanwa kwa kibanio cha nguo usirudi ndani mpaka ukauke. Kibanio ninacho. Nasubiri Jumamosi.